Waliotangulia Mbioni na Angani

SOMO LA MWEZI KWA VIKUNDI VYA VIJANA NA UMOJA WA AKINA MAMA



Jumapili moja baada ya ibada, mama mmoja wa mtaa wetu alinisubiri nje ya mlango wa kanisa. Alikuwa na neno moyoni. Binti yake wa miaka 16 huamka alfajiri kila siku, akakimbia na wenzake kutoka Sakina kuelekea Ngaramtoni, kisha hurudi kuoga na kwenda shule. Baba mtu hapendi. Majirani wanacheka. Na sasa mwalimu wa michezo anataka binti aende mashindanoni, tena siku ya Jumapili.

“Mwalimu,” akaniuliza, “kukimbia huku kutamlisha nani?”

Sikuwa na jibu la haraka. Nikamwambia, “Mama, nipe muda nifikiri.” Basi somo hili ndilo jibu langu kwake, na kwa kila mzazi mwenye swali kama hilo. Nimeona heri tuwatazame kwanza watu weusi waliotangulia katika michezo na katika kuruka na ndege, wale walioingia mahali ambapo hapakuwa na mtu wa rangi yao. Tuone walipata nini, walipoteza nini, na waliacha nini nyuma yao. Tutaanza mbali, kisha tutarudi nyumbani.

1. MWENDESHA BAISKELI ALIYEKATAA JUMAPILI

Mwaka 1900 Wajerumani walijenga Boma la Arusha, lile ambalo sasa ni nyumba ya makumbusho. Lilijengwa kwa jasho la babu zetu Waarusha na Wameru waliolazimishwa kufanya kazi ile. Katika siku hizo hizo, ng’ambo ya bahari, bingwa wa dunia wa mbio fupi za baiskeli alikuwa kijana mweusi. Jina lake ni Marshall Taylor, na watu walizoea kumwita Major. Alizaliwa Indianapolis, Marekani, mwaka 1878, miaka 13 tu baada ya utumwa kukomeshwa katika nchi hiyo. Mwezi wa Agosti 1899, mjini Montreal, Canada, alishinda mbio za maili 1 akawa bingwa wa dunia.

Ubingwa huo haukuja kwa urahisi. Katika majimbo ya kusini viwanja vilifungwa kwake kwa sababu ya rangi. Wenzake walipatana kumzingira njiani ili asipite. Mwaka 1897 mmoja wao, aliyekuwa ameshindwa naye, alimshika koo hata akazimia.

Taylor alikuwa Mkristo wa Kibaptisti, naye alikataa kushindana siku ya Jumapili. Msidhani lilikuwa jambo dogo. Huko Ulaya mashindano makubwa yalifanyika Jumapili, na wenye viwanja walimwahidi fedha nyingi. Akakataa. Mwisho wao ndio waliokubali, wakampangia siku nyingine, naye mwaka 1901 akaenda huko akawashinda mabingwa wao. Lakini tuseme kweli yote: miaka ya mwisho ya kazi yake, alipokuwa amechoka na kuhitaji fedha, alikubali kukimbia Jumapili. Hata mtu imara huchoka.

Na mwisho wake je? Mali yake iliisha. Aliandika kitabu cha maisha yake, akakiuza mwenyewe nyumba kwa nyumba. Alifariki mwaka 1932 katika wodi ya maskini mjini Chicago, akazikwa kaburi lisilo na jina. Ilipofika mwaka 1948 ndipo waendesha baiskeli wa zamani walipokusanyika wakamhamishia mahali pa heshima na kumwekea jiwe la kumbukumbu.

Basi mama, tukiuliza mbio zilimlisha nani, jibu la kwanza ni gumu. Zilimlisha Taylor kwa muda, kisha akafa maskini. Tulikumbuke hilo tunapoendelea.

2. BINTI MCHUMA PAMBA ALIYETAKA KURUKA

Bessie Coleman alizaliwa mwaka 1892 katika jimbo la Texas, katika nyumba yenye watoto 13. Msimu wa mavuno ulipofika shule ilisimama, maana kila mkono ulihitajika shambani kuchuma pamba. Alipokuwa mtu mzima alihamia Chicago, akafanya kazi ya kutengeneza kucha katika duka la kinyozi. Hapo ndipo alipotamani kuwa rubani.

Hakuna shule ya urubani Marekani iliyomkubali. Alikuwa na makosa mawili machoni pao: alikuwa mweusi, na alikuwa mwanamke. Mwenye gazeti moja la watu weusi mjini humo, Robert Abbott, alimshauri aende Ufaransa. Coleman hakukaa kunung’unika. Alijifunza Kifaransa, akaweka akiba, na mwishoni mwa mwaka 1920 akapanda meli. Tarehe 15 Juni 1921 alipewa leseni yake. Alikuwa mwanamke mweusi wa kwanza wa Marekani kuwa rubani mwenye leseni, wakati ambapo hata wanaume weusi marubani walikuwa wa kuhesabika kwa vidole.

Aliporudi alifanya maonyesho ya ndege mbele ya umati wa watu. Mahali pamoja katika Texas, waandalizi walitaka weupe waingie kwa mlango wao na weusi kwa mlango wao. Coleman akawaambia kwamba wasipoingia wote kwa mlango mmoja, yeye haruki. Wakakubali mlango mmoja, ingawa ndani watu waliketi mbalimbali. Ushindi nusu, lakini ni ushindi.

Nia yake kubwa ilikuwa kufungua shule ya urubani kwa vijana weusi. Hakuiona. Tarehe 30 Aprili 1926, mjini Jacksonville, alipanda ndege na fundi wake ili aangalie mahali pa kuruka na mwavuli siku inayofuata. Spana iliyosahauliwa ndani ya ndege ilinasa katika mitambo, ndege ikapinduka, naye akaanguka akafa. Alikuwa na miaka 34.

Je, mambo yake yaliishia hapo? La. Miaka mitatu baadaye, marubani weusi wa Los Angeles waliunda klabu kwa jina lake. Wale wa Chicago, tangu miaka ya 1930, walikuwa wakiruka kila mwaka juu ya kaburi lake na kudondosha maua. Mmoja wa marubani wa Chicago wa siku zile alikuwa John Robinson. Mwaka 1935, Waitalia walipokuwa wakijiandaa kuivamia Ethiopia, Robinson alikwenda kumtumikia Mfalme Haile Selassie, akaongoza kikosi chake kidogo cha ndege. Vita ilipokwisha upande huo, alirudi Ethiopia mwaka 1944 kuwafundisha vijana urubani, na huko ndiko alikofariki mwaka 1954.

Leo ukisimama karibu na uwanja wa KIA, katikati ya Arusha na Moshi, utaona ndege za Ethiopia zikitua, na marubani wake ni Waafrika. Hatusemi kwamba binti yule wa Texas ndiye aliyeanzisha hayo yote. Twasema alikuwa miongoni mwa wale waliosukuma mlango, na wengine wakapita.

3. WAAFRIKA WAWILI WASIOTAZAMWA

Sasa turudi katika mbio za miguu. Waafrika weusi wa kwanza kukimbia katika Michezo ya Olimpiki walikuwa Len Taunyane na Jan Mashiani, kutoka Afrika Kusini. Ilikuwa mwaka 1904, mjini St. Louis, Marekani. Hawakupelekwa huko kama wanariadha. Walikuwa katika kundi la watu waliopelekwa kwenye maonyesho makubwa ya dunia ili kuigiza vita ya Makaburu na Waingereza mbele ya watazamaji. Mbio za marathoni zilipotangazwa, wakajiandikisha. Taunyane alimaliza wa 9 na Mashiani wa 12, na wengi wa wenzao hawakumaliza kabisa.

Kwa miaka mingi hawakutajwa sana, hata majina yao yaliandikwa kwa makosa. Ilichukua miaka 56 mpaka Abebe Bikila wa Ethiopia aliposhinda marathoni ya Roma mwaka 1960, akikimbia miguu mitupu. Hapo dunia ikafumbua macho. Lakini njia ilikwisha kukanyagwa na wawili wale.

4. MTU WA MBULU KATIKA USIKU WA MEXICO

Sasa tumefika kwetu. John Stephen Akhwari ni mtu wa Mbulu, wilaya ambayo wakati ule ilikuwa katika Mkoa wa Arusha. Tarehe 20 Oktoba 1968 alisimama pamoja na wakimbiaji wengine zaidi ya 70 kuanza marathoni ya Olimpiki mjini Mexico. Mji ule uko juu kiasi cha mita 2,240, na hewa yake ni nyepesi kwa mtu asiyeizoea. Bikila mwenyewe alikuwamo, lakini maumivu yalimtoa njiani.

Akhwari alianguka katika msongamano wa wakimbiaji. Goti lake liliumia vibaya, na bega pia. Madaktari walimfunga bendeji, na kila mtu alidhani ataingia garini kama wengine. Hakuingia. Alisimama akaendelea, mara akikimbia, mara akitembea kwa kuchechemea.

Mamo Wolde wa Ethiopia alishinda kwa saa 2, dakika 20 na sekunde 26. Nishani zikatolewa. Jua likazama. Watazamaji wengi wakaondoka. Zaidi ya saa nzima baada ya mshindi, taa za gari la polisi zilionekana, na mbele yake mtu mmoja mwenye bendeji mguuni akiingia uwanjani. Watu wachache waliobaki wakasimama na kumpigia makofi mpaka alipovuka mstari. Muda wake ulikuwa saa 3, dakika 25 na sekunde 27. Alikuwa wa 57, yaani wa mwisho kati ya waliomaliza.

Walipomwuliza kwa nini hakuacha, alijibu kwa maneno machache: kwamba nchi yake haikumtuma mbali namna ile ili aanze mbio tu, bali ilimtuma azimalize.

Wengine humkumbuka Akhwari kama mtu aliyeshindwa kwa heshima. Hiyo si haki. Alikuwa mkimbiaji hodari. Mwaka 1970, katika Michezo ya Jumuiya ya Madola mjini Edinburgh, alikuwa wa 5 katika marathoni, kwa muda wa saa 2 na dakika 15. Jibu lake la Mexico lilikuwa la mtu anayeijua kazi yake na anajua ametumwa na nani.

5. KIJANA WA KARATU

Baada ya miaka mitano na miezi michache, kijana mwingine wa nyanda hizi za juu alisimama mbele ya dunia. Filbert Bayi alizaliwa Karatu mwaka 1953. Tarehe 2 Februari 1974, mjini Christchurch, New Zealand, katika Michezo ya Jumuiya ya Madola, aliingia fainali ya mita 1,500.

Desturi ya wakimbiaji wa masafa hayo ilikuwa kuviziana, kila mtu akitunza nguvu zake kwa mzunguko wa mwisho. Bayi hakuvizia mtu. Bastola ilipolia alikwenda mbele, akaenda mbali, na wote wakadhani atachoka. Hakuchoka. Alimaliza kwa dakika 3 na sekunde 32.2, rekodi mpya ya dunia. John Walker wa New Zealand, aliyekuwa wa pili mbele ya watu wa kwao, naye alikimbia chini ya rekodi ya zamani, lakini hakumfikia. Rekodi hiyo ya Bayi ilidumu mpaka mwaka 1979. Mwaka 1975, mjini Kingston, Jamaica, Bayi aliweka pia rekodi ya dunia ya maili 1, dakika 3 na sekunde 51.0.

Michezo ya Olimpiki ya mwaka 1976 ilikuwa Montreal, mji ule ule ambao Taylor alipata ubingwa wake. Dunia nzima ilingoja kumwona Bayi na Walker tena. Lakini timu ya raga ya New Zealand ilikuwa imekwenda kucheza Afrika Kusini, nchi ya ubaguzi wa rangi, mwaka ule ule ambao watoto wa shule walipigwa risasi Soweto. Waafrika walitaka New Zealand iondolewe katika michezo. Ilipokataliwa, Tanzania na mataifa mengine ya Afrika zaidi ya 20 hayakushiriki. Bayi hakukimbia. Walker akashinda medali ya dhahabu.

Ndugu zangu, hapa tusipite haraka. Wengi wetu tulisema kwa urahisi kwamba nchi ilifanya vema. Nami nasema ilifanya vema. Lakini aliyelipa ni kijana mmoja mwenye miguu ya miaka 23, na umri huo haurudi. Bayi alikwenda Olimpiki mwaka 1980, Moscow, akapata medali ya fedha katika mita 3,000 za kuruka viunzi na maji. Katika michezo hiyo Suleiman Nyambui naye alipata medali ya fedha, katika mita 5,000. Mpaka michezo ya Paris ya mwaka 2024, medali hizo mbili ndizo pekee za Olimpiki tulizopata.

Hata hivyo mbegu haikuoza. Mwezi wa Septemba 2025, mjini Tokyo, Alphonce Simbu alishinda marathoni ya ubingwa wa dunia, Mtanzania wa kwanza kupata dhahabu katika mashindano hayo. Yeye na Mjerumani aliyemfuata waliandikiwa muda mmoja, saa 2, dakika 9 na sekunde 48, na ilibidi picha iangaliwe ili mshindi ajulikane.

6. JIBU KWA MAMA YULE

Sasa mama, narudi kwako. Wewe uliuliza habari ya binti, na mimi nimetaja wanaume wengi. Basi ujue kwamba Theresia Dismas alituletea medali ya fedha ya kutupa mkuki kutoka Michezo ya Afrika ya Brazzaville mwaka 1965, kabla ya Akhwari na kabla ya Bayi. Na mwaka 2023 Magdalena Shauri alikuwa wa tatu katika marathoni ya Berlin, kwa saa 2, dakika 18 na sekunde 41. Majirani wanaocheka wanacheka kitu ambacho mabinti wa nchi hii wamekwisha kukifanya.

Kukimbia kutamlisha nani? Siwezi kukuahidi kwamba kutamlisha yeye. Taylor alikufa maskini. Coleman hakuiona shule yake. Akhwari alifika uwanjani nishani zimekwisha kutolewa. Bayi alinyimwa siku yake si kwa kosa lake. Kwa hiyo asiache shule. Kitabu na mbio viende pamoja. Lakini nikitazama hao wote naona kwamba aliyetangulia mara nyingi hali matunda ya mti alioupanda. Walao ni wale wanaokuja baadaye. Na binti yako ni mmoja wa walao: hakuna leo amwambiaye kwamba Mwafrika hawezi kukimbia, kwa kuwa wengine walikwisha kulijibu neno hilo kwa miguu yao.

Habari ya Jumapili, sitakuwekea sheria. Taylor alikataa miaka mingi, nasi twamheshimu. Akhwari alikimbia Mexico siku ya Jumapili, kwa maana tarehe ile 20 Oktoba ilikuwa Jumapili, na hakuna kati yetu awezaye kusema kwamba mbio zile hazikuwa na kitu cha kututia moyo. Kaa na binti yako, mzungumze, na baba yake awepo. Akienda, na aombewe hapa kanisani kabla ya kwenda, wala asiende kwa kujificha kama mwizi.

Neno langu la mwisho si lako wewe, bali ni letu sote. Wale waendesha baiskeli waliomjengea Taylor kaburi walifanya jambo jema, lakini walichelewa miaka 16. Angelikuwa hai angelihitaji mkate kuliko jiwe. Katika mitaa yetu, kutoka Usa River mpaka Ngaramtoni, wapo wakimbiaji wa zamani waliotuletea sifa, nao sasa ni wazee. Tena wapo watoto wanaokimbia bila viatu vya kufaa na bila kunywa chai. Tusingoje kuwapigia makofi watakapokuwa makaburini. Watazamaji wale wachache wa Mexico hawakuwa na zawadi ya kumpa Akhwari, lakini walibaki uwanjani mpaka alipofika. Nasi tubaki.

MASWALI YA KUZUNGUMZA KATIKA VIKUNDI

Kwanza someni Waebrania 12:1 na 1 Wakorintho 9:24–27.

1. Taylor alikataa mbio za Jumapili, kisha akachoka akakubali. Je, tumhukumu? Sisi tumewahi kuchoka katika jambo gani tulilolianza vema?

2. Coleman alipata mlango mmoja, lakini si viti vya pamoja. Je, ni vema kupokea ushindi nusu, au kukataa mpaka upatikane wote?

3. Mwaka 1976 Bayi alipoteza nafasi yake kwa ajili ya haki ya watu wengine. Tunapomwomba kijana ajitoe kwa ajili ya wote, sisi wengine tunampa nini?

4. Kuna mkimbiaji wa zamani, au mtoto anayeanza, katika mtaa wako? Andikeni jina lake, mpangeni nani atakwenda kumtembelea kabla ya mwezi huu kwisha, na mlete habari kwa katekista.